Dumu la Siwema

Palikuwa na nchi ambayo jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye kamati likarekebishwe, kwa kuwa lile la zamani lilionekana fupi mno kwa nchi kubwa kiasi kile. Kamati haikuwa imerudi bado. Wananchi wakawa wanaiita nchi tu, na waliokwenda ng'ambo, wakiulizwa watokako, walijibu kwetu. Hakuna aliyelalamika. Malalamiko yalikuwa na ofisi yake, na ofisi hiyo ilikuwa kwenye ukarabati.

Mwaka tunaousimulia ulitangazwa na serikali kuwa Mwaka wa Kila Kijana Chuo Kikuu. Vyuo vikuu vilikuwa haba na vijana walikuwa tele, na wapo waliojaribu kulisema hilo, lakini tangazo lilikuwa limekwishachapwa kwenye vitenge na vitenge vimekwishagawiwa, tena wake wa wakubwa walikuwa wameshaanza kuvivaa. Haikuwezekana tena kurudi nyuma.

Ndipo kila shule yenye kidato cha sita ikaagizwa iwe na Mshauri wa Hatua Zinazofuata. Katika Sekondari ya Kisimajembe aliteuliwa Mwalimu Mshamu, aliyekuwa akifundisha jiografia. Hakuteuliwa kwa kuwa alijua lolote juu ya vyuo. Siku ya kikao alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake, na kwa hiyo hakuwapo kukataa.

Aliporudi, bado amevaa kanzu ya msibani, mkuu wa shule alimpa mkono mara mbili, wa kwanza wa pole na wa pili wa hongera, kisha akamwambia asafiri kwenda mji mkuu kwenye semina.

*

Semina iliendeshwa na Mkurugenzi Mkuu wa Hatua Zinazofuata, Mheshimiwa Kidundo, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye hakutembea bila kijana wa kumshikia miwani. Alipanda jukwaani, akavishwa miwani, akawatazama walimu kwa huruma.

"Ndugu washauri," alisema, "hatua inayofuata ni ile ambayo, ukishasimama kwenye hatua uliyopo, unaiona mbele yako. Asiyeiona, ageuke."

Walimu walipiga makofi. Baadhi waligeuka.

"Kijana wa taifa hili asiambiwe hapana. Neno hapana linavunja moyo, halafu linachafua takwimu. Kozi ikijaa, mwambieni imepata mwitikio. Akikosa nafasi, mwambieni yuko njiani. Na yule atakayekata tamaa akarudi kwao kulima, huyo tunamhesabu kuwa amehitimu mapema."

Mwalimu Mshamu aliinua mkono. "Mheshimiwa, tumesikia maombi siku hizi yanafanywa kwa kompyuta."

"Kompyuta ipo," alisema Mheshimiwa Kidundo. "Tena ni ya kisasa sana, na ndiyo sababu hairuhusiwi kuguswa."

Baadaye walimu walipelekwa kuiona. Ilikuwa kwenye chumba chenye zulia, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mlangoni alisimama askari. Ilikuwa ikifunuliwa siku ya sherehe za uhuru tu, wananchi wakapita mbele yake kwa heshima, kisha ikafunikwa tena.

Maombi, waliambiwa, yatapokelewa dirishani. Nalo lilikuwa dirisha kweli, la mbao, limepakwa rangi ya kijani, kwenye ukuta wa nyuma wa wizara. Mwalimu Mshamu aliuliza linafunguliwa saa ngapi. Akajibiwa kwamba linafunguliwa kila linapofunguliwa.

*

Shuleni alipewa chumba cha kushauria, ambacho kilikuwa stoo ya ramani kuukuu. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Kombo, mvulana mchangamfu ambaye alikuwa amekatazwa mara nyingi kuvaa ndala darasani na hakuwahi kuacha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Keti. Unataka kusoma nini, Kombo?"

"Chochote chenye kiti kinachozunguka."

"Hiyo siyo kozi."

"Basi sheria, mwalimu. Mjomba wangu alishafikishwa mahakamani. Anasema hakimu akichoka kukutazama, anazunguka na kiti anatazama ukuta."

Baada ya Kombo akaingia Siwema, msichana mrefu, mwembamba, aliyeongea huku ameweka kiganja mbele ya mdomo. Watu wote wa Kisimajembe waliongea hivyo. Maji ya kisima chao yalikuwa na kitu ndani yake, na kitu hicho kiliyageuza meno ya watoto kuwa ya rangi ya kutu hata kabla hawajajua kutafuna, na wengine kiliwapinda miguu. Wageni hawakulijua hilo. Wizara ya utalii ilikuwa imeandika kwenye kijitabu chake kwamba watu wa Kisimajembe ni wastaarabu kupita kiasi, na kwamba mila yao ni kuziba mdomo wanapozungumza na mgeni ili wasimpulizie pumzi.

"Nataka kusoma maji," alisema Siwema.

"Maji?"

"Ndiyo, mwalimu. Nijue kisima chetu kina nini. Nikishajua, nikitoe hicho kitu."

"Na ukishakitoa?"

Alifikiri kidogo. "Watoto watakaozaliwa watacheka mdomo wazi. Na mimi nitacheka nao, meno yakiwa haya haya, mpaka mama anikataze."

Mwalimu Mshamu alifungua kijitabu cha kozi. Sayansi ya Maji ilikuwapo, na mbele yake palikuwa na maneno mawili: imepata mwitikio. Alikaa akiyatazama. Alikuwa ameyafundishwa maneno hayo, na alijua maana yake. Akasema anakwenda kuchukua chaki, akatoka, akasimama nje kwenye jua hali stoo ile haikuwa na ubao wa kuandikia, kisha akarudi.

"Kozi ya maji imepata mwitikio," alimwambia.

"Hiyo ni habari njema, mwalimu?"

"Tutakwenda dirishani," alisema Mwalimu Mshamu.

*

Walikwenda kwa basi, mwalimu na kundi lake la kidato cha sita. Siwema alibeba nguo zake kwenye kanga, na mkononi alishika dumu la njano ambalo alilichotea maji tangu akiwa mdogo wa kulikokota. Mfuniko wake ulipotea zamani, na badala yake palikuwa na gunzi la hindi. Ubavuni alikuwa amechoma herufi S kwa kisu cha moto. Alilichukua liwe la maji ya kunywa, na yakiisha, liwe la kukalia.

Foleni ilianzia dirishani, ikazunguka wizara, ikapita sokoni, ikaenda mpaka stendi. Abiria wa basi lao waliposhuka walijikuta wameshukia kwenye foleni moja kwa moja, na mzee mmoja aliyekuja mjini kumtazama mwanawe alikaa humo siku nzima akidhani ni njia ya kutokea.

Sasa, huko Kisimajembe kuna desturi. Kisima chao ni chembamba na maji hupanda polepole, hivyo mtu haweki mwili wake foleni, anaweka dumu. Ukifika ukalikuta dumu mbele, unaweka lako nyuma yake. Mwenyewe anaweza kuwa shambani, anaweza kuwa jikoni, anaweza kuwa anajifungua. Dumu lake halipitwi mpaka aje. Hata wake wenza wasiosalimiana, wanaochongeana kwa mume asubuhi na jioni, hakuna kati yao aliyewahi kulipita dumu la mwenzake.

Kwa hiyo Siwema aliposhikwa na njaa alifanya kama ambavyo angefanya kwao. Aliliweka dumu chini, akalisawazisha, akaondoka.

"Dada," alimwita kijana wa nyuma yake, "umesahau dumu lako."

"Sijasahau. Liko foleni."

Kijana alilitazama dumu, akajitazama yeye mwenyewe, akaona kwamba dumu limetulia kuliko yeye. Akavua kofia yake, akaiweka chini, akaenda kivulini. Wa nyuma yake akaweka sufuria. Mwingine akaweka tofali, mwingine mto wa kulalia. Kombo akavua ndala moja akaiacha hapo. Kulikuwa na mmoja aliyemwacha bibi yake, ila bibi aliondoka mwenyewe. Kabla ya jua kutua, foleni nzima ilikuwa ya vitu, na vijana walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara chini ya vibanda vya sokoni.

Kesho yake Mheshimiwa Kidundo alikuja kukagua. Mwalimu Mshamu alipomwona anavishwa miwani alijua mambo yameharibika. Lakini Mheshimiwa alitembea taratibu kando ya foleni, mikono nyuma, akipita sufuria na tofali, na uso wake ukazidi kulainika. Hakuna aliyemsukuma mwenzake, na hakuna aliyeuliza dirisha litafunguliwa lini. Alipofika kwenye dumu la njano alisimama.

"Hawa," alisema, "ndio vijana niliokuwa nikiwaomba miaka yote."

Mchana huo likatoka agizo.

*

Agizo lilisomwa kwa kipaza sauti na Bwana Chande, karani wa dirisha, mtu mwema aliyekuwa na kikohozi. Lilisema kwamba waombaji ni wale walio kwenye foleni. Walio kivulini ni wasindikizaji, na wanaombwa wakae mbali ili wasiwabughudhi waombaji.

Siwema alivuka barabara akaenda kumwona, Mwalimu Mshamu nyuma yake.

"Shikamoo, Bwana karani. Lile dumu ni langu. Mwombaji ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe uko wapi sasa hivi?"

"Niko hapa mbele yako."

"Na foleni iko wapi?"

"Kule."

"Umeona sasa," alisema Bwana Chande, akampa nusu ya chungwa lake.

"Bwana Chande," alisema Mwalimu Mshamu, "dumu ni la binti. Dumu haliwezi kusoma."

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe. Mimi nina agizo. Nimelisoma juu mpaka chini. Lina dumu. Binti simwoni."

Vijana wengi walichoka wakaondoka, wakahesabiwa kuwa wamehitimu mapema. Siwema hakuondoka. Dumu lilisogea tu pale alipolisogeza yeye, na watu wa mjini hawakuwa na desturi ya Kisimajembe. Walilipita. Akienda msalani akirudi anakuta masufuria mageni mbele. Basi akawa hakai tena ng'ambo, anakaa kando ya dumu lake, chini, nje ya kamba ambayo askari walikuwa wameifunga ili wasindikizaji wasiingie.

Mvua za masika zikaanza. Wizara, ambayo haikuwa na roho mbaya, ilituma turubai kubwa la kuwafunika waombaji. Askari walilifunga vizuri kutoka dirishani hadi stendi. Dumu la Siwema lilikaa humo kavu kabisa. Wasindikizaji hawakuruhusiwa kuingia chini yake, kwani turubai lilikuwa na bajeti ya waombaji.

Mwalimu Mshamu alirudi kutoka Kisimajembe, ambako alikuwa amekwenda kufundisha vipindi vyake, akamkuta amejikunyata kwenye kanga iliyolowa, anakohoa kikohozi cha chini.

"Twende nyumbani, Siwema."

"Limebakiza kona moja tu, mwalimu. Likipinda hapo, dirisha linaonekana."

"Twende. Unaumwa."

"Nikiondoka watalipita."

Mwalimu alichuchumaa kwenye matope. Akalisema lile neno alilokatazwa kwenye semina. "Siwema, hapana. Kozi ya maji imejaa. Ilikuwa imejaa kabla hatujapanda basi."

Alidhani atalia. Siwema aliweka kiganja mdomoni, na kwa macho yake mwalimu akaona kwamba anacheka.

"Najua. Nilikisoma kile kitabu ulipotoka kwenda kuchukua chaki, na stoo haina ubao, nikaelewa."

"Sasa unangoja nini hapa?"

"Kwetu kisima kinakauka, mwalimu, unakijua. Mama anafika anakuta hakuna hata tone, na bado anaweka dumu. Kesho yake yanapanda. Yule aliyeweka ndiye anayechota." Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Asiyeweka hata yakipanda hachoti."

Mwalimu alivua koti lake akamfunika, akakaa naye. Siku iliyofuata akambeba mpaka hospitali, Siwema akigeuka geuka mgongoni kutazama kama kuna anayelipita dumu. Daktari alimpokea vizuri, akaandika dawa, akasema dawa zenyewe ziko njiani.

Siwema alifariki mchana, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka. Mkono wake ulikuwa umeteleza kutoka mdomoni. Muuguzi alitaka kuurudisha, kwa kuwa alikuwa amekisoma kile kijitabu cha utalii. Mwalimu Mshamu akamwomba auache.

*

Kabla ya kusafirisha maiti alikwenda kulichukua dumu.

"Pole sana, mwalimu," alisema Bwana Chande, na alikuwa anamaanisha, machozi yalimlengalenga. "Alikuwa binti mwenye adabu. Lakini dumu huwezi kuliondoa. Ni mwombaji."

"Mwombaji amekufa, Bwana Chande."

"Aliyekufa ni msindikizaji. Mwombaji mwenyewe huyu hapa, mzima, amekwishapinda kona."

"Mama yake hana dumu jingine la kuchotea."

"Mwombaji anaruhusiwa kujitoa wakati wowote. Ila ajitoe mwenyewe, kwa mdomo wake."

Wote wawili walilitazama dumu. Lilikuwa na gunzi mdomoni.

Ilimjia Mwalimu Mshamu alinyakue akimbie. Lakini alikuwa mtu ambaye hajawahi kuchukua hata kipande cha chaki bila kumwambia mtu wa stoo, na askari alikuwa amesimama karibu, na ng'ambo ya barabara jeneza lilikuwa likimngoja. Aliondoka mikono mitupu.

Walimzika Kisimajembe. Baada ya watu kunawa, mama yake Siwema alimwita mwalimu pembeni.

"Na dumu lake?"

"Liko foleni, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kwa Kisimajembe hilo ni jibu linaloeleweka, wala mtu haulizi zaidi. Lakini akauliza, kwa sauti ya chini kama anayejiuliza mwenyewe, "Sasa nani atalifuata?"

*

Dumu lilifika dirishani bila msindikizaji. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wakilisogeza kwa miguu, na waliolipita walipungua, kwani habari za yule binti zilikuwa zimeenea sokoni na watu waliona haya.

Jopo la usaili lilikuwa na Mheshimiwa Kidundo na wenzake. Waliliuliza kwa nini linataka kusoma maji. Lilinyamaza. Mheshimiwa akasema waandike kwamba halina papara. Waliliuliza litalifanyia nini taifa. Likanyamaza vilevile, na wajumbe wakatazamana kwa furaha, maana sufuria lililotangulia lilikuwa limeanguka kwa kishindo kwenye swali hilo. Mwisho Mheshimiwa alilichomoa gunzi, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Tupu kabisa," alisema. "Nimekuwa kwenye elimu tangu ujana wangu. Sijawahi kuona kijana aliyekuja kwetu na nafasi kiasi hiki ya kupokea."

Kozi ilikuwa imejaa, lakini ilionekana kwamba dumu linaweza kuenea chini ya dawati la mtu mwingine, kwa hiyo likadahiliwa. Redio ilitangaza jioni ile ile. Ndala ya Kombo nayo ilipata sheria. Kombo aliisindikiza hadi mlango wa darasa, akazuiwa, na tangu hapo akawa anakaa nje dirishani na mguu mmoja peku, akisikiliza kidogo kinachosikika.

Kila kilichokuwa foleni kilipata chuo. Lengo la mwaka likatimia, na Mwalimu Mshamu akapewa zawadi ya Mshauri Bora, saa ya ukutani ambayo mishale yake ingeletwa baadaye. Aliitundika stoo, kwenye ramani.

Mara moja alimpeleka mama yake Siwema chuoni kuliona dumu, kwani wageni wa wanafunzi waliruhusiwa Jumapili. Mlezi wa wanafunzi, mwanamke mkali, alitaka kujua mgeni ana uhusiano gani na mwanafunzi.

"Ni langu," alisema mama. Kisha akasahihisha. "Ni la mwanangu."

"Basi wewe ni bibi yake," alisema mlezi, akawafungulia.

Dumu lilikuwa juu ya kitanda kilichotandikwa shuka jeupe. Mama hakukaa. Alisimama mlangoni na kiganja chake mdomoni.

"Wamembadilishia gunzi."

"Hapana, mama. Ni lile lile."

"Limekauka," alisema mama. "Yeye alikuwa akililoweka."

Alitaka kuligusa. Mlezi akasema mwanafunzi amepumzika.

*

Miaka ikapita, kwa namna inavyopita katika nchi ile, yaani kwa kutangazwa. Dumu lilihitimu. Kwenye mahafali lilivishwa joho, na Mheshimiwa Kidundo alisema kwamba halikuwahi kukosa kipindi wala kugoma wala kuandika lolote ukutani, na kwamba lau vijana wote wangekuwa hivi, elimu isingekuwa na gharama hata kidogo.

Kisimajembe walikuwa wakiomba mtaalamu wa maji tangu enzi za babu zao. Sasa mtaalamu alikuwapo, tena mzaliwa wa hapo hapo. Wizara ikampangia kituo cha kazi nyumbani.

Lilifika kwa gari la serikali, kwenye kiti cha nyuma, limefungwa mkanda. Nyuma yake ilikuja bendi ya polisi na magari ya wageni. Kando ya kisima mafundi walikuwa wamejenga jukwaa dogo la saruji, pale pale panapowekwa dumu la kwanza. Dumu likawekwa juu yake, bila joho sasa, na S yake ikiwa imeelekea kwa watu.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Kidundo, "mliomba mtaalamu, serikali imesikia. Kuanzia leo tatizo la maji ya Kisimajembe liko mikononi mwa mtu wenu wenyewe."

Wananchi walipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja, maana mwingine ulikuwa mdomoni. Na Mheshimiwa, aliyekuwa amekisoma kile kijitabu njiani, naye akaziba mdomo wake kwa heshima ya mila yao. Bendi ilipiga. Kijana wa kumshikia miwani akamvua, wakapanda magari, vumbi likainuka, likatua.

Hapo ukawa wakati wa kuchota maji.

Mwanamke wa kwanza alikuja na dumu lake kichwani. Alilikuta dumu la njano mbele. Akaweka lake nyuma yake, akakaa chini. Wa pili akaweka nyuma ya huyo. Wakaja wengine, na madumu yakajipanga kwenye njia ya vumbi kuelekea shuleni. Kamba ya kuchotea ilikuwa imeviringishwa pale pale mdomoni mwa kisima, na maji yalikuwa yamepanda. Hakuna aliyeigusa.

Mwalimu Mshamu alikuwa amesimama chini ya kibaraza cha duka, anatazama. Wanafunzi wa kidato cha sita walikuja na ndoo za jiko la shule, wakamwona, wakamwendea.

"Mwalimu, tufanyeje?"

Aliwaonyesha kwa mkono mwisho wa foleni ulipo, wakaenda.

Mama yake Siwema alifika wa mwisho kabisa, ana ndoo ya kuazima. Alipita kando ya madumu yote mpaka mbele. Akalitazama lile la njano. Kwa ncha ya kanga akalipangusa vumbi la magari, akalibonyeza gunzi likae sawa.

Palikuwa na bi harusi mgeni, aliyeolewa Kisimajembe kutoka mbali, meno yake bado meupe. Alikuwa wa tatu kwenye foleni na jua lilikuwa likimwunguza.

"Jamani," aliuliza, "mwenye dumu hili la mbele yuko wapi?"

Wanawake waliinamisha vichwa. Mwalimu Mshamu aliona mama anageuka, anarudi polepole mpaka mwisho wa foleni, anaweka ndoo yake chini, anaisawazisha, kisha anakaa kando yake na kukunja miguu.

"Amechelewa kidogo," alisema mama. "Tumngoje."